Risasi Laini au Risasi Ngumu? Uchaguzi wa Mwindaji katika Historia ya Neno na ya Metali

1. Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili atamkapo neno risasi hutaja vitu viwili kwa pamoja: metali nzito na laini ya rangi ya kijivu, na kile kipande kirushwacho na bunduki. Neno limetoka katika Kiarabu, ambako nako jina la metali lilikwisha kupewa kipande hicho. Muungano huo wa maana ni mzuri kwa ufupi wake, lakini unaficha swali ambalo wawindaji wamejiuliza kwa zaidi ya karne moja: je, risasi itupasayo kutumia iwe ya risasi tupu, au ya risasi iliyochanganywa na metali nyingine ili iwe ngumu?

Katika makala hii tunanuia kulifuata swali hilo, kwanza katika maneno yenyewe, kisha katika enzi ya gobori huku kwetu, na mwisho huko Marekani, ambako uwindaji kwa bastola ulikua hata ukazaa biashara ya risasi ngumu zilizomiminwa tayari. Tutajaribu kuonyesha kwamba uchaguzi huo haukuwa jambo la ufundi peke yake. Ulitegemea pia nani alikuwa na ruhusa ya kuchagua, na nani alikuwa na bidhaa ya kuuza.

2. Ushuhuda wa maneno

Msamiati wa silaha katika Kiswahili unastahili kuchunguzwa. Neno bunduki, lililopitia Kiarabu, lilitokana na jina la kokwa fulani ya kuliwa. Jina hilo likapewa vidonge vya udongo au vya metali vilivyorushwa kwa upinde, na baadaye likapewa chombo chenyewe cha kurushia. Kwa hiyo bunduki ilipata jina kutokana na kitu kilichotoka ndani yake. Marisaa, yaani risasi ndogo ndogo za kuwindia ndege, ni ndugu wa neno risasi.

La kupendeza zaidi ni neno kalibu. Kwetu ni chombo cha kumiminia metali iliyoyeyushwa ili ipate umbo. Wataalamu wengi huona kwamba neno la Kifaransa litajalo upana wa tundu la mtutu lina asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Basi mfua risasi wa Pwani na mhandisi wa Ulaya wametumia, bila kujua, neno moja: wa kwanza kwa chombo cha kumiminia, wa pili kwa kipimo cha silaha. Na kweli ndivyo ilivyokuwa kazini, kwani mwenye bunduki alihitaji kalibu inayolingana na mtutu wake.

3. Enzi ya gobori

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilileta bunduki kwa wingi katika Maniema, Tanganyika na Katanga. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, katika masimulizi ya maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, aeleza kwamba jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Silaha hizo nyingi zilikuwa za gumegume au za fataki, zenye mtutu laini usio na michirizi, na zilishindiliwa kwa mdomo.

Kwa silaha ya namna hiyo risasi tupu ilifaa. Huyeyuka kwa nyuzi 327 za joto, hivyo moto wa makaa watosha; na ulaini wake hauleti hasara, kwa kuwa msukumo wa baruti nyeusi ni mdogo. Taabu ilianza mwindaji alipokabili tembo au kifaru. Risasi laini ilijibapa juu ya ngozi na mfupa kabla ya kufika moyoni au kwenye ubongo. Wawindaji wa Kizungu kama Frederick Selous, aliyeanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1870, walitegemea uzito: bunduki yake ilichukua risasi nne kwa ratili moja, yaani gramu 113 hivi kila moja. Wengine walitegemea ugumu, wakachanganya bati katika risasi.

Palipokosekana risasi, watu walitumia walichokuwa nacho. Katika nchi ya Msiri, mtawala wa Bayeke aliyeuawa Bunkeya mwezi wa Desemba 1891, shaba ya Katanga ilifanywa pia kuwa risasi. Usemi risasi za shaba waonyesha wazi upanuzi wa maana: sikio la zamani lingesikia metali moja iliyotengenezwa kwa metali nyingine.

4. Nani aliruhusiwa kuchagua?

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Bruseli, pamoja na Dola Huru ya Kongo, yalitia sahihi mkataba uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa. Vifungu vyake kuhusu silaha vilihusu eneo lote lililo baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Uingizaji wa bunduki zenye michirizi na za kisasa, pamoja na baruti na risasi zake, ulizuiwa, isipokuwa kwa idhini maalumu. Kilichoweza kuruhusiwa katika biashara ya kawaida ni bunduki za gumegume zisizo na michirizi, na baruti ya kawaida.

Ni kweli kwamba silaha zilizagaa na kwamba zililisha utumwa. Lakini mkataba huo ulikuwa na tokeo jingine. Wakati uleule ambapo Ulaya ilianza kutumia baruti isiyo na moshi, mwindaji wa Kiafrika aliamriwa na sheria kubaki na gobori. Mjadala wa risasi laini na risasi ngumu ukaendelea bila yeye. Anayemwona mwindaji wa kijijini na bunduki yake ya kale na kudhani kwamba ni desturi tu, asahau kwamba desturi hiyo iliwahi kuandikwa katika vifungu vya mkataba.

5. Bastola ya mwindaji wa Marekani

Tuuvuke sasa bahari. Huko Marekani bastola yenye silinda ilikuwa silaha ya kiunoni, na wachache waliiona kuwa ya kuwindia mnyama mkubwa. Elmer Keith (1899–1984), mchunga ng'ombe na mwandishi wa majimbo ya milimani, aliubadili mtazamo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alibuni kalibu ya risasi yenye pua bapa na bega kali, yenye uzito wa gramu 16 hivi, akaisukuma kwa kasi ya takribani mita 365 kwa sekunde. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa kasi ndogo ya bastola si lazima risasi ipanuke mwilini: yatosha iwe nzito na pana usoni, ipenye moja kwa moja na kuacha tundu la kutoa damu.

Mwaka 1935 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ya .357 Magnum, na mwishoni mwa 1955 ikafuata .44 Magnum. Risasi za kiwandani za 1935 zilikuwa laini mno kwa msukumo mpya wa gesi, zikauacha mtutu umepakwa metali. Wapigaji wakahitimisha kwamba dawa ni ugumu. Hitimisho hilo lilikuwa sahihi nusu tu.

6. Ugumu wa kuuzia na ugumu wa kuwindia

Katika kipimo cha Brinell risasi tupu ina ugumu wa 5 hivi. Mchanganyiko wa risasi sehemu 90, bati 5 na antimoni 5 hufikia 15. Metali ya mashine za uchapaji za Linotype, yenye antimoni sehemu 12 na bati 4 kwa kila mia, hufikia 22 hivi. Herufi zilizokwisha kuchapa magazeti ziliyeyushwa zikawa risasi.

Tatizo ni hili. Risasi yapaswa kuuziba mtutu ili gesi ya moto isipite kandokando yake. Ikiwa ngumu kupita kiasi kwa msukumo uliopo, na tena nyembamba kidogo, kitako chake hakitanuki. Gesi hupenya, huunguza ubavu wake, na mtutu hupakwa metali vilevile. Ikiwa laini kupita kiasi, huteleza juu ya michirizi bila kuifuata. Kwa hiyo la kwanza kuangaliwa ni upana unaolingana na silinda na mtutu, ndipo ugumu unaolingana na msukumo. Ugumu si sifa njema kwa nafsi yake. Antimoni nyingi humfanya risasi awe mkavu, aweze kuvunjika agongapo mfupa.

Lakini mfanyabiashara ana mahitaji yake. Risasi ngumu haiharibiki sandukuni. Kitako kilichochongwa ukingo hutoka upesi katika mashine. Nta ngumu haiyeyuki safarini, ingawa nta laini mara nyingi hulainisha mtutu vizuri zaidi. Sifa hizi tatu humfaa muuzaji kabla ya kumfaa mwindaji. Anayenunua yampasa aulize kila sifa inamtumikia nani, kwani gharama ya kosa hulipwa na mnyama aliyejeruhiwa akatokomea porini.

7. Metali yenye sumu

Historia hii imepata sura mpya. Risasi ni sumu, na vipande vyake katika mizoga viliua tai wakubwa wa Kalifornia, waliobaki 22 tu mwaka 1982. Jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 uwindaji wa wanyamapori kwa risasi za risasi umekatazwa huko kote. Risasi ngumu ya bastola, ikibaki nzima, huacha vipande vichache kuliko risasi laini ya kasi kubwa, lakini metali ni ileile. Badala yake wawindaji wengi wamechukua shaba.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba neno moja limebeba metali, kitu na historia. Mwindaji wa gobori alitumia risasi laini kwa sababu ilimfaa, na baadaye kwa sababu sheria ilimfungia njia nyingine. Mnunuzi wa Marekani alipewa risasi ngumu kwa sababu ilikuwa bora kwake kwa kiasi, na bora kwa muuzaji kwa kiasi kikubwa zaidi. Na shaba, iliyokuwa badala ya risasi huko Bunkeya, imerudi kuwa badala yake huko Kalifornia. Ni juu ya wanafunzi wetu kukusanya, katika Kiswahili cha Katanga na cha Maniema, maneno ya wafua risasi na wawindaji kabla hayajapotea pamoja na wazee wanaoyajua.