Mwendokasi: Kutoka Kosa la Barabarani hadi Jina la Basi

Neno mwendokasi, ambalo kwa mkazi wa Dar es Salaam wa leo ni jina la basi kabla ya kuwa jina la spidi, halikuanza na sifa njema. Liliandikwa kwa maneno mawili, na makao yake yalikuwa taarifa za polisi wa usalama barabarani na habari za ajali, ambamo dereva alilaumiwa kwa mwendo kasi, yaani kupita kiwango kilichowekwa, ambacho katika maeneo ya makazi nchini Tanzania ni kilomita 50 kwa saa.

Serikali ilipounda chombo cha kusimamia usafiri mpya wa jiji mwaka 2007, ilikiita Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, jina linalofaa zaidi barua za ofisini kuliko kinywa cha abiria. Haraka, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo huko maana yake ya msingi ni kusogea tu, lilipoingia katika Kiswahili lilibeba na harufu ya pupa, na methali inayolinyima baraka haihitaji kutajwa. Kasi, kwa upande wake, hutaja nguvu ya kitu kinachokwenda, kama maji ya mkondo, bila kukihukumu. Tena wapiga kura walikuwa wamelizoea neno hilo tangu kampeni za mwaka 2005, mgombea urais Jakaya Kikwete alipoahidi ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya.

Mabasi yalipoanza kazi Mei 2016, katika njia ya takribani kilomita 21 itokayo Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, kilichoyatenga na daladala hakikuwa injini, bali barabara zao wenyewe zilizojengwa katikati ya Barabara ya Morogoro, ambazo ziliyawezesha kuipita foleni iliyosimama pembeni. Kasi hiyo, kwa hiyo, ilipimwa kwa ukaidi wa foleni zaidi ya kupimwa kwa spidi ya basi. Jina la mitaani, mwendo kasi, likalishinda la serikali, maneno mawili yakaungana, na ingawa mwendo ni nomino ya ngeli ya U-I, abiria husema "mwendokasi imejaa", kama wasemavyo juu ya daladala. Na kituoni jioni, msongamano ukizidi, hulitamka kwa kejeli.

Treni za umeme zilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nazo ziliitwa treni za mwendokasi, kwa kuwa neno hilo likisimama peke yake bado ni mali ya basi.