Sauti ya Spika Mbovu: Umeme Uliokosea Ulivyozaa Gitaa la Kukoroma

Ukiisikia kwa mara ya kwanza bila kuambiwa, unaweza kuinuka ukaenda kukagua spika. Gitaa linakwaruza, linanguruma kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo, na kila noti inavutwa mpaka kama inachanika. Mtu mzima akipita sebuleni atasema hiyo redio imeshakufa. Kumbe hakuna kilichokufa. Wapiga gitaa wanaiita fazi, na historia yake kuanzia siku ya kwanza ni historia ya volti ambazo hazikuwa mahali pake.

Kabla yake watu walishaupenda uchafu huo, ila waliupata kwa kuharibu mali. Inasimuliwa kwamba mwaka 1951 huko Memphis bendi moja ilifika studio na amplifaya iliyoumia njiani, wakaijaza karatasi ndani ya spika na kurekodi hivyo hivyo. Mwaka 1964 kijana mmoja wa London alichukua wembe akachana spika ya amplifaya yake ndogo. Ilitoa sauti tamu kweli, ila spika ukishaichana huwezi kuirudisha ilivyokuwa.

Stori yenyewe inaanzia Nashville, Marekani, mwishoni mwa 1960. Mwimbaji wa kantri mwenye jina lake alikuwa studio anarekodi wimbo wa taratibu uitwao Don't Worry. Katikati ya wimbo kuna nafasi ya gitaa la besi la nyuzi sita kupiga peke yake. Mpigaji alikuwa wale wakongwe wa studio, wanaolipwa kupigia nyimbo za wengine na majina yao hayatajwi redioni. Waya wa gitaa lake ulikuwa umechomekwa moja kwa moja kwenye mtambo wa kuchanganyia sauti. Akaanza kupiga, na kilichotoka ni mngurumo mchafu ambao haukufanana kabisa na wimbo wa mtu anayeachwa.

Tatizo lilikuwa ndani ya mtambo. Chaneli aliyochomekwa ilikuwa na transfoma mbovu. Kazi ya transfoma pale ni kupokea mawimbi ya sauti upande mmoja na kuyapitisha upande wa pili yakiwa na nguvu inayofaa kwa hatua inayofuata. Ikiharibika, hatua inayofuata inalishwa kitu kingine kabisa.

Sasa fikiria mazingira. Nashville ya wakati ule wanamuziki walilipwa kwa vipindi vya saa tatu tatu. Kila dakika ni hela, na nyimbo kadhaa zinasubiri. Mjadala ukazuka: irudiwe au iachwe? Fundi mitambo wa siku hiyo angeweza kusema tu "mtambo wangu umeharibika, samahanini, turudie", na hakuna ambaye angemlaumu. Wakaiacha ilivyo. Mwaka 1961 wimbo ukashika namba moja kwenye chati za kantri, na watu wakawa wanaulizana lile gitaa la katikati ni la aina gani.

Hapo ndipo shida ya fundi ilipoanza. Wasanii wengine wakaja studio wanataka sauti ile ile, lakini chaneli nayo ilikuwa imeshakata roho kabisa, haitoi kitu. Akiitengeneza inarudi kuwa safi kama chaneli nyingine. Akiiacha, haitoi chochote. Kilichotafutwa kilikuwa ule ubovu wa nusu nusu, na ubovu wa aina hiyo hauuzwi dukani.

Kwa hiyo akafanya kazi ya kinyume na aliyoizoea. Fundi siku zote anatafuta volti iliyopotea ili airudishe. Huyu, akisaidiana na mwenzake aliyekuwa fundi wa kituo cha redio, akaanza kutafuta namna ya kuikosesha sauti nafasi kwa makusudi. Wakatumia transista tatu za jerimaniamu na betri mbili za volti 1.5. Jumla volti 3 tu.

Kwa nini volti ni suala kubwa hivyo? Chukua mtu mrefu umwingize kwenye nyumba yenye paa fupi. Akisimama wima, kichwa kinagonga. Wimbi la gitaa nalo likikuzwa na transista linapanda na kushuka, lakini haliwezi kupanda kuzidi volti za betri. Likifika darini linakatwa, lile pindo la mviringo linakuwa bapa. Sikio linasikia ule ubapa kama mkwaruzo. Betri ndiyo paa, basi.

Kifaa hicho kilichukuliwa na kampuni ya Gibson, kikatoka mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kampuni ikakinadi kama kitu cha kulifanya gitaa lisikike kama tarumbeta na vyombo vingine vya kupuliza. Maduka yakaagiza zaidi ya 5,000 mwaka huo wa kwanza, halafu kimya. Yakakaa rafuni yanakusanya vumbi. Ukweli ni kwamba anayetaka tarumbeta ataenda kumtafuta mpiga tarumbeta.

Kilichokiokoa ni kundi moja la Uingereza, mwaka 1965. Mpiga gitaa wao alikuwa na kipande kifupi cha noti chache, akakipiga kwa Fuzz-Tone kama alama tu, wazo likiwa kwamba baadaye tarumbeta zitakuja kuziba pale. Wimbo ni (I Can't Get No) Satisfaction. Tarumbeta hazikuja. Wimbo ukatoka na ile alama yake ndani, ukashika namba moja Marekani, na zile Fuzz-Tone za vumbi zikaisha madukani kabla mwaka haujafungwa. Hataza iliyoombwa tangu 1962 nayo ikatolewa mwaka huo huo wa 1965.

London walikuwa na malalamiko yao. Mteja mmoja, mpiga gitaa wa studio, alipeleka Fuzz-Tone yake kwa fundi kijana wa vifaa vya muziki akidai noti inakatika mapema mno. Fundi akaifungua, akabadilisha mpangilio wa ndani, na badala ya volti 3 akaweka 9. Betri ya mraba ile ile ambayo mpaka leo ipo kwenye kila duka la umeme. Noti zikawa zinadumu. Kifaa chake kikauzwa kwa jina la Tone Bender, na volti 9 ndiyo ikawa desturi ya pedali karibu zote mpaka kesho.

Mwaka uliofuata, 1966, ikatoka pedali ya duara, Fuzz Face, ambayo umbo lake lilitokana na kitako cha stendi ya maikrofoni. Hii ndiyo mama wa mafundi wa nyumbani. Sababu ni moja: ukihesabu transista, rezista, kapasita na vile vitufe viwili vya kuzungusha, unapata vipande 11 tu. Mtu wa kidato cha pili anaweza kuilehemu jioni moja. Tatizo ni kwamba anaweza pia kukaa wiki tatu akitafuta kwa nini haiimbi.

Na hapa hadithi ya zamani na ya leo zinakutana, maana matatizo ya volti yaliyowasumbua watu wa 1966 ndiyo yale yale yanayomkuta kijana anayeunda ya kwake mezani leo.

La kwanza ni athi. Transista za jerimaniamu za wakati ule nyingi zilikuwa za aina ya PNP, kwa hiyo kwenye Fuzz Face ya asili upande chanya wa betri ndio unaungwa kwenye bodi, kinyume na pedali nyingi za leo ambapo athi ni upande hasi. Kwa betri yake peke yake hakuna neno. Lakini mtu akiunganisha pedali hiyo na nyingine za kawaida kwenye adapta moja, chanya na hasi zinakutana kupitia nyaya za gitaa. Shoti. Adapta inapata moto, pedali zote zinanyamaza, na mwenye nazo anailaumu transista ambayo haina kosa. Hata mita inaweza kumtisha: waya mweusi kwenye athi, mwekundu kwenye mguu wa transista, mita inasoma volti 4.5 yenye alama ya kutoa mbele. Anadhani ameunga kinyume, anafumua kazi iliyokuwa sahihi!

Hiyo 4.5 ndiyo namba inayotafutwa. Transista ya pili, kwenye mguu wa kolekta, inatakiwa ikae karibu na nusu ya betri, ili wimbi lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Mita ikisoma karibu 9 yote, transista hiyo imelala, haipitishi umeme: pengine miguu imepinduliwa, pengine ile ya kwanza inavujisha kupita kiasi. Ikisoma chini ya 1, imefunguka moja kwa moja, na mara nyingi wa kuangaliwa ni ya kwanza, ambayo imekufa au haijashika lehemu vizuri. Kabla ya kubadilisha chochote, kupima mguu huo mmoja kunaokoa siku nzima.

La pili ni joto, na hili limewatesa watu wengi. Jerimaniamu huvujisha umeme hata ikiwa imefungwa, na mvujo huo karibu unakuwa mara mbili kila joto likipanda nyuzi 10. Pedali iliyopangwa vizuri kwenye chumba chenye ubaridi cha London ikipelekwa jukwaani chini ya mataa, ile nusu inahama na sauti inaanza kukatikakatika. Ndiyo maana wapigaji wakubwa wa wakati ule walichagua pedali moja kati ya nyingi za muundo ule ule, kwa sababu hakuna mbili zilizofanana. Anayeunda yake Dar au Mombasa na kupima saa kumi na moja alfajiri, asishangae saa nane mchana mita ikimwambia mengine. Dawa inayotumika ni kuweka rezista ya kurekebishwa badala ya ile ya kolekta, mtu anaizungusha taratibu mpaka nusu inarudi. Baadaye viwanda vilihamia silikoni, ambayo haisumbuliwi sana na joto, na wapo wanaolalamika mpaka leo kwamba sauti imekuwa kali mno masikioni.

La tatu ni adapta, hasa zile za bei chee. Imeandikwa 9, ukiipima ikiwa haijabeba mzigo inatoa 12 au zaidi, na kwa vile fazi inakula umeme kidogo sana, chini ya miliampia 2, adapta inabaki juu huko huko. Pamoja na hayo inaleta mlio wa "mmmm" usiokoma. Kipimo chake hakihitaji hata mita: chomoa adapta, weka betri. Mlio ukiondoka, pedali ni nzima.

Betri nayo ina uongo wake. Ikiwa imechoka bado inaweza kusoma 9 ikiwa juu ya meza, lakini ikibebeshwa kazi inashuka. Ipimwe ikiwa ndani, pedali ikiwa imewashwa. Halafu kuna ule mtego wa tundu la gitaa: kwenye pedali nyingi, kuchomeka waya ndiko kunakounganisha betri, iwe umekanyaga swichi au hujakanyaga. Mtu analala na waya umechomekwa, siku kadhaa baadaye betri imekwisha, anaanza kufukua bodi kutafuta shoti ambayo haipo.

Lakini sasa, ajabu ya hiki kifaa ni kwamba si kila volti iliyoshuka ni ugonjwa. Wapo wapigaji wa Marekani ambao inasimuliwa walizitafuta betri zilizokaribia kufa na kuzitunza, kwa sababu paa likishuka sauti inalegea, inakuwa kama inapumua kwa shida, na wao ndiyo wanaipenda. Mwanzoni ilionekana ni kichaa cha wasanii. Leo kuna pedali na vifaa vya kugawa umeme vinavyouzwa na kitufe maalumu kwa kazi hiyo. Unakizungusha, volti zinashuka kutoka 9 mpaka 4 hivi, na gitaa linaanza kukoroma kama lile la Nashville siku transfoma ilipoharibika. Na kitufe hicho kinaongezwa kwenye bei.