Sabpleksi

Sabpleksi ni kundi la staki za TCP/IP (programu za mawasiliano ya mtandao) lililotengwa na mengine ndani ya sispleksi, yaani muungano wa kompyuta kuu za IBM unaoweza kuwa na hadi mifumo endeshi 32 ya z/OS. Bila utenganisho, staki zote huingia katika kundi moja, EZBTCPCS, zikatambuana na kujiunganishia njia zenyewe. Hatari iko hapo hapo: staki ya majaribio hujikuta jirani na ile inayobeba malipo ya wateja.

Tangu toleo la 1.8 la z/OS, msimamizi anaweza kuandika GLOBALCONFIG XCFGRPID 11 katika faili ya usanidi wa staki. Namba huwa kati ya 2 na 31. Staki zenye 11 huonana zenyewe tu. Anwani pepe zinazohamia staki nyingine moja inapoanguka, pamoja na ugawaji wa kazi wa Sysplex Distributor, haviuvuki mpaka huo. Staki haiwezi kuwa katika sabpleksi mbili.

Kugawa kilicho cha pamoja bila kuchanganya, kama sabpleksi inavyofanya, ni jambo linalofahamika hata Nyali, Mombasa. Kebo ya baharini ya LION2, iliyoanza kazi mwaka 2012 na inayotua Nyali, ni ya ubia wa kampuni kadhaa, zikiwemo Orange na Telkom Kenya. Ndani yake mawasiliano husafiri kwa mawimbi ya mwanga yenye urefu tofauti, yasichanganyike.

Sabpleksi pekee si ulinzi kamili. Ruta ya nje ikiziunganisha pande mbili, pakiti zitapita. Faiawoli bado ni lazima.