Nani Alisome Jibu Kwanza?

Mwishoni mwa miaka ya 1930, huko Uingereza, habari za mimba zilitolewa na chura. Mkojo wa mwanamke ulidungwa chini ya ngozi ya chura jike aliyeletwa kutoka Afrika Kusini. Akitaga mayai baada ya saa chache, mimba ipo. Jibu lilipelekwa kwa daktari, si kwa mwenye mimba.

Mwaka 1967 Margaret Crane, msanifu katika kampuni ya Organon nchini Marekani, aliona vipimo vya maabara vilivyo rahisi, akabuni kisanduku cha kupimia nyumbani. Wakubwa wake walipinga. Hata hivyo, kiliingia sokoni Kanada mwaka 1971.

Warithi wa kisanduku hicho wamo katika maduka yetu ya dawa. Lakini katika shule nyingi za Tanzania wasichana walipimwa kwa lazima, na aliyekutwa na mimba alifukuzwa. Ruhusa ya kurudi masomoni ilitangazwa Novemba 2021 tu. Kifaa kilichobuniwa ili mwanamke awe wa kwanza kujua kiligeuzwa shahidi dhidi yake. Kipimo hakimkomboi mtu; humkomboa haki ya kuamua nani aambiwe.