Dakika Ishirini Khuldabad

Kufikia siku ya kumi tulikuwa tumechoka kushangaa. Tulikuwa watu ishirini na wawili ndani ya basi moja, wengi wetu wanafunzi wa Kiafrika katika vyuo vya jimbo la Maharashtra, tuliochangishana nauli ya kuizunguka India kwa siku kumi na tatu. Delhi, Agra na Jaipur zilikuwa nyuma yetu. Taj Mahal tuliiona alfajiri, ndani ya ukungu, tukapiga picha zile zile anazopiga kila mtu. Jaipur nilishinda kitandani nikiumwa tumbo. Zilibaki siku nne: mbili za Aurangabad, moja ya barabara, na moja ya Mumbai.

Mimi nilikuwa nikizisubiri siku hizo nne tangu tuondoke. Sikumwambia mtu.

Nyanya yangu, mzaa mama, alizaliwa Kisauni, Mombasa, na maisha yake yote alipoulizwa asili yake alijibu kwa neno moja: Bombay. Sisi wajukuu tulicheka. Nyanya alikuwa mweusi kuliko chungu, hajui hata kuhesabu kwa Kihindi, na chapati zake zilikuwa ngumu. Tuliona ni utani wake. Alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na sikuwahi kumuuliza swali la pili. Chuoni nilichagua kuandika tasnifu kuhusu kaniki, kile kitambaa cheusi kilichotoka pwani ya magharibi ya India kuja kwetu. Msimamizi wangu aliniuliza kwa nini nisiandike kuhusu watu, badala ya nguo zao. Nilimjibu kwamba nyaraka za biashara ni nyingi zaidi. Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa pia njia ya kukwepa.

Aurangabad tulianzia Bibi Ka Maqbara, kaburi la Dilras Banu Begum, mke wa Aurangzeb. Limefanana na Taj Mahal kiasi kwamba wenzangu waliona kama tumerudishwa Agra kwa makosa. Tukiwa kwenye foleni ya viatu, wavulana watatu walinitazama, wakasogea, mmoja akatamka neno kwa sauti ya kusikika: habshi. Wengine wakacheka. Rafiki yangu, muuguzi kutoka Mwanza, aliniuliza wamesema nini.

"Mhabeshi," nikamwambia.

"Kwani wewe unatoka Ethiopia?"

"Hapana. Ni tusi."

"Basi hata kutukana hawajui," akasema, akanishika mkono tukaingia.

Lakini mimi nilikuwa nikiwaza kwamba wavulana wale walisimama katika mji ulioasisiwa na habshi.

Mtu huyo alizaliwa Ethiopia mnamo 1548 na akauzwa angali mtoto. Alipitishwa Mocha, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, akapelekwa Baghdad, akasilimu, akapewa jina la Ambar, kisha akaletwa Deccan, huu uwanda wa juu wa kati na kusini mwa India. Aliyemnunua huko ni Chingiz Khan, waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar, naye alikuwa Mhabeshi aliyepitia utumwa vile vile. Bwana wake alipokufa, Ambar akawa huru. Akawa askari wa kukodiwa, akakusanya wapanda farasi wake mwenyewe, wachache kwanza, kisha maelfu. Mwaka 1600 majeshi ya Mughal yalipoiteka ngome ya Ahmadnagar na watu wakadhani usultani umekwisha, Ambar alimtafuta kijana wa ukoo wa kifalme, akamtawaza, akamwoza binti yake, akatawala kwa jina lake. Mwaka 1610 aliweka makao makuu mapya katika kijiji kiitwacho Khadki. Kijiji hicho ndicho Aurangabad.

Kiongozi wetu wa safari alikuwa mtu mzuri, mcheshi, anayejua tarehe. Alituambia kwamba Aurangzeb ndiye aliyeupa mji jina. Ni kweli. Alituambia pia kwamba mwaka 2023 jina lilibadilishwa rasmi kuwa Chhatrapati Sambhajinagar, kwa heshima ya Sambhaji, mwana wa Shivaji, shujaa mkuu wa Wamaratha. Nalo ni kweli. Kabla ya Aurangzeb, mwana wa Ambar aliyeitwa Fateh Khan aliuita Fatehnagar. Mji mmoja, majina manne, na kila jina limemfuta aliyetangulia. Jambo ambalo kiongozi hakulisema ni kwamba Shahaji, babu yake Sambhaji, alikuwa miongoni mwa makamanda waliopigana upande wa Ambar katika vita vya Bhatvadi mwaka 1624. Vile vita vya kuvizia na kukimbia, kukata njia za chakula na kutoweka milimani, ambavyo baadaye viliwapa Wamaratha sifa, Ambar alikuwa akivipigana na wapanda farasi wa Kimaratha kabla Shivaji hajazaliwa.

Mchana walitupeleka Panchakki, kinu cha zamani cha kusagia nafaka kinachoendeshwa na maji. Maji yanatoka milimani, kilomita kadhaa mbali, yanapita chini ya ardhi, kisha yanaporomoka kwenye bwawa kwa kishindo. Mfereji wa kinu chenyewe ulichimbwa baada ya zama za Ambar, ila wazo lilikuwa lake. Ni yeye aliyeuchimbia mji huu mfereji wa kwanza wa chini kwa chini, Nahr-e-Ambari, ulioleta maji kwa mteremko tu, bila ng'ombe wala mashine. Nilisimama pale hadi basi likapiga honi. Wafalme wa Mughal waliacha makuba, na makuba yanaonekana kwenye picha. Mtu aliyeacha bomba la maji chini ya barabara atapigwa picha na nani?

Siku ya kumi na moja ilikuwa ya Ellora, mapango thelathini na manne yaliyochongwa katika mwamba. Hapo hata waliochoka waliamka. Hekalu la Kailasa, pango namba 16, halikujengwa kutoka chini kwenda juu. Waashi wa karne ya nane walianza kileleni mwa mwamba wakashuka, wakiondoa kila kisichokuwa hekalu. Ukikosea hapo, hakuna jiwe la kubandika tena. Muuguzi wangu alikaa kwenye kivuli cha tembo wa mawe, akasema angependa kumwona mhasibu wa kazi ile.

Kutoka Ellora hadi Khuldabad ni mwendo mfupi wa kupanda mlima. Ratiba ilisema: kaburi la Aurangzeb, dakika thelathini. Mfalme yule, aliyefariki mwaka 1707, aliagiza azikwe bila fahari, na amelala chini ya anga wazi, udongo mtupu juu yake. Tulipotoka, nilimwendea kiongozi nikamwambia kwamba karibu na hapo kuna kaburi la Malik Ambar, nami naomba tulione. Akatazama saa. Abiria walikuwa na njaa. Mmoja akauliza kwa sauti, makaburi mangapi jamani kwa safari moja? Muuguzi akageuka: "Mwacheni dada aende. Mmengoja masaa mawili Jaipur mtu ananunua bangili."

Nilipewa dakika ishirini.

Kaburi liko karibu na dargah ya Zar Zari Zar Bakhsh, walii anayeheshimiwa sana mjini hapo. Ni jengo la mawe lenye kuba, pana, lililotulia, na kando yake kuna kaburi dogo la mkewe, Bibi Karima. Nilijifunika mtandio. Hapakuwa na foleni ya viatu kwa sababu hapakuwa na watu. Ambar alifariki mwaka 1626, akikaribia miaka themanini, kitandani. Jahangir, mfalme wa Mughal aliyepigana naye kwa miaka, aliwahi kuchorewa picha na Abu'l Hasan, mchoraji wake hodari. Katika picha hiyo mfalme amesimama juu ya dunia, anakilenga kwa mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa mkukini. Picha ipo hadi leo, Dublin. Kichwa chenyewe hakikuwahi kukatwa. Mfalme alichora asichokiweza. Ambar alipokufa, mwandishi wa tarikh wa upande huo huo wa Mughal alimsifu kama mpiganaji na mtawala asiye na mfano. Daulatabad, ngome kuu ya eneo hilo, Wamughal waliipata mwaka 1633, miaka saba baada ya kumzika.

Nilitaka kujivuna. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Lakini nikiwa nimekaa kwenye jiwe lile, dakika zangu zikiyoyoma, nilijiuliza najivunia nini hasa. Ambar hakutoka kwetu. Alitoka nyanda za juu za Ethiopia. Alikuwa mtumwa aliyekuja kuwa na watumwa wake, maana jeshi lake lilijaa Wahabeshi walionunuliwa kama alivyonunuliwa yeye. Katika kila Ambar mmoja mwenye kuba, kuna maelfu waliopita njia ile ile wakaishia jikoni, bandarini, mashambani, bila jiwe. Nilimpenda Ambar kwa sababu alikuwa na kaburi. Kumbe nilikuwa nafanya kama ile ratiba: natafuta jengo.

Honi ililia.

Barabara ya kwenda Mumbai inapita Nashik. Kwenye ratiba mji huo uliandikwa "mapumziko ya chai". Katikati ya karne ya kumi na tisa, wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha kijiji pembeni ya mji huo, kikaitwa Sharanpur, yaani mji wa kimbilio. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, watoto waliokutwa ndani hawakurudishwa makwao. Nani alijua kwao ni wapi? Wengine walishushwa Aden, wengine Bombay, na baadhi wakapelekwa Sharanpur kusoma, kufua chuma, kuseremala, kuimba. Wayao, Wanyasa, Wamakua, wakakua wakizungumza lugha za India. Jacob Wainwright, aliyesoma ibada ya maziko ya Livingstone kule Chitambo mwaka 1873 na kulichonga jina lake kwenye mti, alikuwa mtoto wa Nashik. William Jones, Ishmael Semler na George David, waliotumwa Rabai mwaka 1864, walitoka huko pia. Na baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa Unguja, W. S. Price, yule yule aliyeongoza Sharanpur, alifika Mombasa mwishoni mwa 1874 kuanzisha kijiji kingine cha kimbilio, ng'ambo ya kisiwa. Kikaitwa Frere Town. Wale wa India waliokuja kukijenga wakaitwa watu wa Bombay.

Yaani nyanya hakuwa akitania.

Tulipewa dakika arobaini za chai. Nilipanda tuktuk, nikamwambia dereva Sharanpur. Akajibu, Sharanpur Road, sehemu gani? Sikuwa na sehemu. Akanizungusha kwenye barabara ndefu yenye maduka, zahanati, pikipiki na wanafunzi waliotoka shule. Nilitazama nyuso kama mjinga anayetafuta ndugu sokoni. Kisha nikamwomba anirudishe. Nauli ilikuwa ndogo kuliko ya Nyali hadi Kengeleni.

Kengeleni. Kwa miaka yote ya shule nilishuka matatu pale, makondakta wakiita jina hilo hadi likapoteza maana. Kengele ipo, imening'inia kando ya barabara kuu, na kila mtu Mombasa ameiona. Ililizwa kuwaonya watu wa Frere Town kwamba wateka watumwa wanakuja. Hao walikuwa wakitoka wapi? Walitoka pale pale pwani. Walikuwa majirani.

Usiku huo, hotelini Mumbai, nilimpigia mama. Nikamwuliza nyanya alisemaje hasa. Mama alinyamaza kidogo. Akasema nyanya alikuwa akisema Bombay kwa sababu ukisema Bombay, watu wanadhani unajigamba, wanacheka, mambo yanaisha. Ukisema Wamisheni, swali linalofuata ni babu yako aliuzwa na nani. "Na waliokuwa wakiuliza," mama akasema, "ndio hao tuliokuwa tukiazimana nao chumvi."

Siku ya mwisho tulipelekwa Gateway of India, lango lililokamilika mwaka 1924 kwa kumbukumbu ya ujio wa Mfalme George wa Tano, na ambalo askari wa mwisho wa Kiingereza walipita wakiondoka mwaka 1948. Wenzangu walipanga mstari wa picha ya kuagana. Mimi nilitazama maji. Yalikuwa ya kijivu, yamejaa boti za watalii. Ndiyo bandari iliyowapokea watoto wale, na ndiyo iliyowasafirisha tena wakiwa watu wazima, kwenda pwani ambayo wengi wao waliikumbuka kwa jambo moja tu.

Kwenye basi kiongozi aligawa fomu za maoni. Swali la tatu: ni mahali gani ulipapenda zaidi? Kulikuwa na majina kumi na manne ya kuwekea alama. Chini niliongeza moja kwa kalamu. Alipokusanya, alisoma yangu akakunja uso.

"Sharanpur? Tulifika huko?"

"Tulikunywa chai," nikamwambia.

Nimerudi chuoni. Tasnifu ya kaniki nimemwomba msimamizi tuizungumze upya.