Khadija, Aliyetangulia Siku Zake

Ukiuliza mtandaoni jina Khadija lina maana gani, utajibiwa "mwaminifu" au "mwenye heshima". Majibu matamu, ila hayatoki kwenye neno lenyewe. Ni sifa za mwanamke mmoja wa Makka zilizobandikwa kwenye jina lake, kisha tovuti za majina ya watoto zikawa zinanakiliana.

Neno lenyewe linatoka zizini. Mzizi wake ni kha-dal-jim, na Waarabu waliutumia kwa ngamia jike aliyezaa kabla siku zake hazijatimia. Khadija basi ni mtoto wa kike aliyezaliwa kabla ya wakati, yule ambaye majirani zetu wa Tanzania humwita njiti. Mpaka leo Kiarabu cha hospitalini kinatumia mzizi uo huo. Novemba 2023, watoto njiti 31 walipoondolewa hospitali ya Al-Shifa kule Gaza, habari za Kiarabu ziliwaita khuddaj.

Haya nisingeyafuatilia kama si mpwa wangu. Alizaliwa miezi saba, akakaa nasari ya hospitali wiki tano. Dada yangu akataka kumwita Khadija. Mavyaa wake akakataa katakata: ati alisikia kwenye mawaidha kwamba maana yake ni "pungufu", na huwezi kumwita pungufu mtoto ambaye bado anapigania pumzi. Sikumcheka. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, najua vile neno "hajamaliza" linaweza kumganda mtu.

Na hofu yake haikutoka hewani. Katika hadithi mashuhuri, swala isiyosomwa Fatiha huitwa khidaj, yaani yenye upungufu. Ukoo wa neno ni mmoja. Lakini wanakamusi wa zamani, akiwemo Ibn Manzur katika Lisan al-Arab, walitenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Ngamia akizaa kabla ya siku zake, hata kama ndama ametimia viungo vyote, kitenzi ni khadajat. Akizaa ndama mwenye kasoro, hata kama siku zimetimia, kitenzi ni akhdajat. Ndama wa kwanza ni khadij, wa pili ni mukhdaj. Jina Khadija liko upande wa kwanza: amewahi, hakupungua. Kwangu mimi kesi ilifaa kuisha hapo, lakini mavyaa si mtu wa kamusi.

Kilichomlainisha ni habari za Mtume mwenyewe, ambaye majina hakuyachukulia kwa mzaha. Binti wa Umar aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, alimpa jina la Jamila. (Asiya mke wa Firauni ni jina jingine kabisa, ni herufi zetu za Kilatini zinazoyafanya pacha.) Zainab binti Jahsh na Juwairiya wote waliitwa Barra, yaani mwema, akawabadilishia, la Zainab kwa kuwa lilikuwa kama mtu kujisifu. Ni kweli hayo yalikuwa Madina, Khadija akiwa ameshazikwa. Lakini jina la Khadija aliendelea kulitaja mpaka Aisha akaona wivu. Mtoto akaandikwa Khadija.

Isitoshe, kumwita mtu kwa hali aliyozaliwa nayo si jambo geni Kenya. Otieno kazaliwa usiku, Wanjala kazaliwa wakati wa njaa, Mwanaidi kazaliwa Idi na wala hali pilau kila siku.

Binti Khuwailid alipewa jina lake kabla ya Uislamu, na hakukua akiwa dhaifu wa kuhurumiwa. Alikuwa mfanyabiashara, akiajiri wanaume wampelekee mali Sham. Mmoja wao alikuwa Muhammad, aliyesafiri pamoja na Maisara, mtumwa wa Khadija. Aliporudi, posa ilitoka kwa Khadija. Mtume alikuwa na miaka 25. Khadija wengi husema 40, wapo wasemao 28. Ndiye wa kwanza kumwamini. Alifariki mnamo 619, mwaka ule ule aliofariki Abu Talib, akazikwa Hajun, Makka. Neno la zizini likawa jina ambalo watu wanaringa nalo, na sababu ni yeye.

Tangu hapo limesafiri, na kila ulimi umelikata kivyake. Waturuki husema Hatice, Wahausa Hadiza, na Guinea wako kina Kadiatou. Pwani yetu wengi waliiacha ile kh ya kooni, kama walivyoiacha kwenye khabari, likawa Hadija, na nyumbani Dija. Ngamia amepotea njiani huko, na wengi wanaoitwa hivyo walizaliwa miezi tisa kamili.