Waya Mmoja Juu ya Pampu

Nianze kwa kukiri, maana bila kosa hili nisingekuwa na la kuandika. Waya ule niliufunga mimi.

Fundi wangu alikuwa amelala chini ya gari akikaza bolti za giaboksi. Akaniambia bila hata kutoa kichwa, "We dogo, nitafutie umeme wa kupeleka pale juu ya pampu. Umeme unaokuja ukifungua ufunguo, unaoondoka ukifunga." Nikachukua testa, nikachokonoa waya mmoja nyuma ya redio. Nikifungua ufunguo, testa inawaka. Nikifunga, inazima. Nikaukata, nikausokota na waya wa pampu, nikazungushia selotepu nyeusi. Kazi ya dakika kumi. Wakati huo nilikuwa spanaboi wa miezi saba, na ndani ya begi langu mlikuwa na cheti cha kidato cha nne pamoja na daftari la riwaya ambayo haijaisha mpaka leo.

Gari lilikuwa la mjomba wangu, Hilux ya petroli, analitumia kuchukua kabichi na viazi Lushoto na kuvileta Tanga mjini. Petroli ilikuwa inakula faida yote, ndipo akaamua kuishusha injini ile na kufunga ya dizeli, 3L ya mtumba kutoka Japani, silinda nne, lita 2.8. Injini ilikaa vizuri, ikanguruma vizuri. Tatizo likawa moja tu: kuwaka kwa ufunguo ilikataa. Stata inazunguka kwa nguvu, injini haishiki. Tukisukuma, inashika mara moja. Mara nyingine ilishika pale pale mjomba anapoachia ufunguo kwa kukata tamaa. Fundi akasema pampu imechoka. Mjomba akakopa, pampu ikaenda kufunguliwa, nozeli zikapimwa, hela ikaenda. Bado tukasukuma.

Halafu ukaja ule usiku. Tulikuwa tumeshapita Soni, tunateremka kwenda Mombo, kabichi zimejaa hadi juu na utingo kalala juu yake. Simu yangu ilikuwa imezima. Nikachomeka chaja ya bei poa kwenye tundu la kiwashia sigara. Ikatoa kicheche, redio ikanyamaza. Mjomba akacheka, akasema nimeshamuulia redio yake.

Kumbe sikuua redio peke yake. Gari lilikuwa gia ya pili, mjomba kaondoa mguu kwenye mafuta, kwa hiyo magurudumu ndiyo yaliyokuwa yakiizungusha injini na wala hakuna aliyejua kwamba imekufa. Tulijua kwenye kona, alipokanyaga klachi abadilishe gia. Kimya. Taa nyekundu zikawaka kwenye dashibodi. Akakanyaga breki mara moja, mara mbili. Mara ya tatu pedeli ikawa ngumu kama jiwe, maana breki za gari lile husaidiwa na pampu ya kuvuta hewa inayozungushwa na injini, na injini ikilala msaada nao unakwisha. Upande mmoja korongo. Mjomba akakata kona kuingia kwenye ukuta wa mlima. Sisi wawili tulitoka na michubuko. Utingo alirushwa, akavunjika mguu.

Siku zilizofuata nilikuwa na swali moja ambalo lilininyima usingizi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, haina koili, nimefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza gereji. Sasa inauawaje na chaja ya simu? Nikaenda maktaba, nikaingia intaneti, na ndugu msomaji, nilichokikuta ni kisa ambacho mtunzi wa riwaya angekionea wivu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Wazo lake, alilolipatia hati ya ubunifu Ujerumani, lilikuwa hili: ukiigandamiza hewa kwa nguvu ya kutosha inapata moto mkali, na ukirushia mafuta ndani ya hewa hiyo yatawaka yenyewe. Hakuna cheche, hakuna umeme. Tarehe 10 Agosti 1893, katika kiwanda cha mashine cha Augsburg, alijaribu kwa mara ya kwanza. Mlipuko ulikuja kweli, ukapasua chombo cha kupimia kilichofungwa kwenye silinda, vipande vikaruka. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alikuwa amepata jibu: mafuta yamewaka yenyewe. Mwaka huo huo Wajerumani wenzake walikuwa Tanga wakianza kutandika reli ya Usambara, ambayo ilifika Mombo mwaka 1905. Ilivutwa na mvuke, naye Diesel alikuwa akitafuta kitu cha kuiondoa mvuke hiyo. Mwaka 1897 injini yake ilipopimwa rasmi ilionekana inageuza kama asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za wakati ule hazikufika nusu yake.

Lakini kulikuwa na ugonjwa ndani ya ushindi huo. Kuyaingiza mafuta kwenye silinda ambayo tayari ina hewa iliyobanwa kiasi kile ni sawa na kujaribu kupuliza pumzi ndani ya tairi la lori kwa mdomo. Diesel alitumia hewa nyingine iliyobanwa zaidi, iliyapulize mafuta yaingie kama ukungu. Hewa hiyo ilitaka kompresa yake, mitungi yake, mabomba yake. Uzito ukawa wa tani kadhaa. Injini ya namna hiyo unaiweka kiwandani au ndani ya meli, huwezi kuipandisha Lushoto. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alitoweka kutoka kwenye meli ya Dresden, akivuka kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Mwili ulionekana baharini siku kama kumi baadaye. Watu wamebishana kama alijiua, alianguka au aliuawa. Mimi nisingependa kuingia kwenye ubishi huo. Kinachoniuma ni kwamba alikufa bila kuona lori moja la dizeli barabarani.

Lori lilitaka pampu. Pampu ndogo, isiyohitaji kompresa, inayosukuma tone la mafuta kwa nguvu ya ajabu, wakati ule ule unaotakiwa, mara mamia kwa dakika. MAN walionyesha lori lao la dizeli mwaka 1924, na kila kiwanda kilihangaika na pampu yake. Aliyelimaliza jambo hilo ni Robert Bosch wa Stuttgart, na hapa historia inatania: Bosch alikuwa amejenga jina na utajiri wake kwa kuuza magineto, yaani vifaa vya kuzalisha cheche kwenye injini za petroli. Mwuza cheche ndiye aliyeamua mwaka 1922 kutengeneza pampu ya injini isiyotaka cheche. Aliona mbali, akaogopa dizeli isije ikamwacha njiani. Pampu za kwanza za kuuzwa zilitoka kiwandani mwishoni mwa mwaka 1927.

Nimeiona pampu ya aina hiyo imefunguliwa mezani, na sikuthubutu kuigusa. Kila silinda ina kipistoni chake chembamba kama kalamu, ndani ya kikombe chake. Nafasi kati yao ni sehemu mbili au tatu tu za elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko nafasi hiyo mara ishirini na zaidi. Ndiyo maana hawana raba ya kuzuia mafuta, na ndiyo maana ukichanganya kipistoni cha huyu na kikombe cha yule umeua vyote viwili. Ubavuni mwa kipistoni kuna mfereji uliokatwa kwa mshazari. Ukikizungusha kidogo, mfereji unafika mapema au unachelewa kwenye tundu la kuachia mafuta, na kiasi kinachokwenda kwenye nozeli kinabadilika. Dereva anapokanyaga mafuta ndicho anachofanya, anavizungusha vipistoni hivyo. Chuma, mafuta na springi. Hakuna waya hata mmoja.

Na hapo likazaliwa jambo ambalo hatufundishwi gereji, kwamba shida ya dizeli haikuwa kuiwasha tu. Ilikuwa pia kuizima. Petroli ukiinyima cheche imekufa. Dizeli hutaiua kwa kung'oa betri. Itaendelea kunguruma mpaka uinyime mafuta. Ndiyo sababu malori ya zamani yana kitasa cha kuvuta karibu na usukani: dereva anakivuta, kebo inaurudisha mkono wa pampu hadi mwisho, mafuta yanakatika. Madereva wazee wanakikumbuka kitasa hicho, na wanakumbuka pia kwamba lori la namna hiyo ukilisukuma likawaka, laweza kwenda safari nzima na betri iliyokufa.

Wakati huo Marekani kulikuwa na mtu aitwaye Vernon Roosa, fundi wa majenereta ya dizeli mjini New York, ambaye aliichoka pampu kubwa yenye kipistoni kwa kila silinda. Akabuni pampu ya mviringo ambayo sehemu moja ya kusukuma inahudumia silinda zote kwa zamu, kama mama anayegawa uji kwa mzunguko. Ilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1952, na kampuni ya CAV ya Uingereza ikaichukua kwa leseni. Fundi wa jenereta! Nalisema hili kwa ajili ya wenzangu tunaodhani mambo makubwa hutoka vyuo vikuu peke yake.

Bosch nao wakatoa pampu yao ya kugawa, ile mafundi wanayoijua kwa herufi VE, katikati ya miaka ya 1970, wakati viwanda vikitaka dizeli iingie kwenye magari madogo ya watu wa mjini. Wajapani wakaitengeneza kwa leseni, na ndiyo iliyokuwa kwenye 3L ya mjomba. Sasa mtu wa mjini huwezi kumwambia avute kitasa. Yeye anataka kufunga ufunguo, gari lizime, kama la petroli. Basi juu ya pampu wakaweka kidude kidogo, solenoidi: koili ya waya yenye kichuma na springi ndani. Ukipeleka umeme, kichuma kinavutwa, njia ya mafuta inafunguka. Ukikata umeme, springi inakisukuma, njia inafungwa, injini inalala.

Ndiyo huo waya. Kazi yake si kuwasha chochote, ni kulishikilia lango. Injini iliyozaliwa bila umeme ikawa inaishi kwa ruhusa ya umeme, ili dereva asipate taabu ya kunyoosha mkono.

Baada ya hapo waya ziliongezeka. Mwaka 1986 Bosch walianza kuuza mfumo wa kompyuta wa kuiongoza pampu. Toyota wana injini mbili za lita 3 ambazo kwa macho ni mapacha, 1KZ-T na 1KZ-TE. Herufi E ndiyo inayolia watu machozi: ya kwanza ukiifunga kwenye gari lingine inataka waya wa lango na mambo madogo mengine, ya pili pampu yake ina valvu inayofunguliwa na kompyuta kwa kila tone, na ukiinunua bila kompyuta yake na fungu lake la waya umenunua chuma chakavu. Nimemwona mtu mzima kakaa chini pembeni ya 1KZ-TE, hasemi. Na tangu katikati ya miaka ya 1990 ukaja mfumo wa bomba moja la pamoja, ambamo pampu inabanisha mafuta tu na kompyuta inaamua mengine yote. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mimi nilirudi gereji na mchoro wa swichi ya ufunguo. Swichi ina hatua: ya redio, ya safari, ya stata. Ukifika kwenye stata, umeme wa redio unakatwa ili betri ipeleke nguvu zake kwenye stata. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kwa miezi minne kila mjomba alipozungusha stata, waya wangu ulikuwa unafunga lango la mafuta. Alipoachia ufunguo, lango linafunguka. Pampu haikuwahi kuchoka. Na fyuzi ya redio ndiyo hiyo hiyo ya kiwashia sigara.

Waya sahihi ulikuwepo siku zote, umekunjwa na kufungwa kwa kamba pembeni ya betri: ule uliokuwa ukipeleka umeme kwenye koili ya injini ya petroli. Wenyewe unabaki hai kwenye safari na kwenye stata. Waya wa cheche. Nikauunganisha na pampu, nikauwekea fyuzi yake peke yake. Mjomba akazungusha ufunguo, injini ikashika kabla stata haijamaliza mzunguko wa pili. Nikauchomoa ikilia, ikazima. Nikaurudisha.

Utingo alikuwa amekaa kwenye benchi, magongo pembeni. Mjomba hakufurahi kama nilivyotegemea. Alitulia kwenye usukani, nadhani akipiga hesabu ya ile hela ya pampu.

"Kwa hiyo ni waya tu?"

"Ni waya, mjomba."

"Na ule wa mwanzo aliufunga nani?"

Fundi akainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. Nikasema, "Ni mimi, mjomba."